KWA NINI MAJI YA BWAWA HUGEUKA KIJANI

Huenda mtu akiona kichwa cha habari hii atasema, "Bwawa la kuogelea ni mambo ya matajiri; sisi yatuhusu nini?" Yatuhusu sana. Wako ndugu zetu waliotutangulia hapa shuleni ambao leo wana nyumba zenye mabwawa, au wanasimamia nyumba za wageni. Wako na wanafunzi wanaopata kibarua cha kusafisha mabwawa wakati wa likizo. Zaidi ya hayo, yale tunayofundishwa katika Biolojia na Kemia hapa yanaonekana kwa macho.

Mwani ni nini?

Rangi ile ya kijani ni mwani. Huu ni viumbe wadogo mno, mfano wa mimea, wasio na mizizi wala maua. Kiumbe mmoja peke yake haonekani bila darubini, lakini wakiwa mamilioni maji hubadilika rangi na kuta huteleza. Huletwa na upepo, mvua, vumbi na nguo za waogeleaji, kwa hiyo hakuna awezaye kuuzuia usiingie. Ukiisha kuingia hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, kama mahindi yafanyavyo shambani, na mbolea yake ni nitrojeni na fosforasi zitokazo katika majani yaliyooza, udongo na jasho. Huku kwetu Uganda jua na joto vipo mwaka mzima, basi mwani hauna majira ya kupumzika.

Adui wake mkubwa ni klorini. Klorini ikiwamo majini kwa kiasi kinachofaa, mwani hufa kabla ya kuongezeka. Ikipungua, siku chache tu zatosha kuharibu maji.

Mfano wa Rio

Jambo hili liliwapata hata wakubwa. Katika Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Rio de Janeiro mwaka 2016, tarehe 9 Agosti, watu waliona bwawa la kupigia mbizi limegeuka kijani, na hali siku iliyotangulia lilikuwa buluu. Baadaye bwawa la pili lililo jirani nalo likafuata. Wasimamizi walipochunguza waligundua kwamba tarehe 5 Agosti zilikuwa zimemwagwa humo lita 80 za hidrojeni peroksidi. Dawa hiyo yaweza kusafisha maji ikitumiwa peke yake; lakini ikikutana na klorini, zote mbili huharibiana, na kinachobaki ni maji, oksijeni na chumvichumvi. Hivyo bwawa likakosa mlinzi. Maji ya bwawa la pili, zaidi ya lita milioni tatu, yalibidi kutolewa na kuwekwa mengine. Hapa tunajifunza kwamba dawa mbili nzuri zikichanganywa bila elimu zaweza kuzaa hasara.

Hatari yake

Mwani wenyewe aghalabu haumdhuru mwogeleaji. Hatari ni yale yanayofuatana nao. Penye mwani klorini imekwisha, na vijidudu vya magonjwa vyaweza kuishi. Tena maji ya kijani huficha. Mtoto akizama, aliye ukingoni hamwoni, na katika kuzama dakika chache ndizo uhai wenyewe. Kwa hiyo iwe sheria: kama huoni vizuri tundu la kutolea maji lililo chini kabisa, mtu yeyote asiingie.

Kadhalika bwawa lililoachwa ni makao ya mbu. Mwaka 2007 huko Bakersfield, California, watu wengi walishindwa kulipa madeni ya nyumba zao wakazihama, na mabwawa yakabaki ya kijani. Mwaka huo wagonjwa wa homa ya West Nile waliongezeka sana huko. Ugonjwa huo una jina la kwetu: virusi vyake viligunduliwa mwaka 1937 katika wilaya ya West Nile, hapa Uganda.

Kinga

Kwanza, pima klorini kila siku. Iwe kati ya miligramu 1 na 3 kwa kila lita. Pili, pima pH, iwe kati ya 7.2 na 7.8. Wengi hulidharau jambo hili. pH ikiwa 7.5, karibu nusu ya klorini ina nguvu ya kuua. Ikipanda hadi 8, yenye nguvu ni kama robo tu. Mtu huongeza klorini, fedha zake zikapotea bure. Tatu, washa pampu saa za kutosha kila siku, maana maji yaliyosimama hayafikiwi na dawa. Nne, opoa majani kwa wavu, na sugua kuta na ngazi kwa brashi kila juma. Tano, tia klorini jioni, kwa sababu jua kali huimaliza upesi. Iko dawa ya kuikinga na jua, iitwayo asidi ya sianuriki, lakini ikizidi huifanya klorini kuwa nzito katika kazi yake. Vidonge vingi vya klorini vina asidi hiyo ndani yake, nayo huzidi kulimbikizana majini. Hapo hapana budi kupunguza maji na kuongeza mapya.

Dawa

Maji yakiisha kugeuka, usitapetape. Toa takataka zote, shusha pH karibu na 7.2, kisha sugua kila mahali, maana mwani ulioshika ukuta una utando unaoukinga. Mwani mweusi ni mgumu kuliko wote. Jua likitua, tia klorini nyingi, kwa mfano miligramu 10 kwa lita, na pampu isizimwe usiku na mchana.

Hesabu yake ni hii. Bwawa lenye urefu wa mita 10, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.25, lina mita za ujazo 50, yaani lita 50,000. Zidisha kwa miligramu 10, utapata gramu 500 za klorini. Lakini unga wa kalsiamu hipokloraiti uuzwao wenye nguvu ya asilimia 65 si klorini tupu. Basi gawa 500 kwa 0.65, upate gramu 770 hivi.

Mwani ukifa maji huwa meupe kama yaliyotiwa maziwa. Hiyo ni mizoga yake. Safisha chujio mara kwa mara mpaka maji yang'ae. Utajuaje kama kazi imekwisha? Pima klorini usiku, pima tena kabla jua halijachomoza. Ikiwa imepungua zaidi ya miligramu 1, mwani ungali hai, rudia dawa. Watu wasioge mpaka klorini ishuke na chini paonekane.

Tahadhari

Tia unga katika ndoo ya maji. Kamwe usimwage maji juu ya unga. Usichanganye klorini na asidi, kwa kuwa hutoka hewa ya sumu iwezayo kuua. Usichanganye aina mbili za klorini, hata kwa kutumia kikombe kimoja, maana zaweza kuwaka au kulipuka. Kibarua anayeagizwa kufanya hivyo ana haki ya kukataa, na mwenye nyumba aliyesoma hapa asimwagize.

Zoezi kwa wadogo zetu: bwawa lina urefu wa mita 8, upana mita 4, na kina cha wastani mita 1.5. Unga wa asilimia 65 utakaohitajika ni gramu ngapi? Atakayepata 738 hivi amekwisha kulielewa somo.