SOMO: NANI ANATUSEMEA KWA WABUNGE?

Ndugu wafanyakazi wa Jinja na Mbale,

Wako watu ambao kazi yao ni kushawishi Serikali. Tajiri huwalipa wakaonane na mawaziri na wabunge kabla sheria haijapitishwa. Hawapigi kelele, hupeleka hesabu zilizoandikwa. Kazi hiyo si kosa, ila ikiingia rushwa.

Sisi hatuna fedha za kuwalipa, lakini Bungeni tuna viti vitano vya wafanyakazi. Je, twavitumia?

Tutazame mshahara wa chini. Kiwango cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha mswada wa kuweka mishahara mipya ya chini; Rais akakataa kuutia sahihi. Funzo ni hili: Bunge likipitisha, kazi haijaisha.

Basi kila tawi:

1. Likusanye hati za mishahara, bei ya posho na kodi ya chumba.
2. Liandike dai moja, karatasi moja.
3. Liipeleke kwa mbunge wa wafanyakazi na kamati ya Bunge kabla ya mjadala.
4. Lirudi kuuliza jibu, mpaka sahihi itiwe.

Swali la kujadili: Katika kiwanda au shamba lenu, nani anatunza hati hizo?