Kabla Hamjatia Sahihi, Ng'ombe Watakula Wapi?

Mdogo wangu wa Kavumu, barua yako nimeisoma mara mbili. Kaka zako wanataka kuyafunga malisho ya marehemu baba yarudi kuwa msitu, kwa kuwa wameambiwa kaboni inauzwa. Unauliza kama ni utapeli. Biashara hiyo ipo kweli, lakini keti kwanza, mimi yaya, mkubwa wako, nikueleze.

Mti unapokua hufyonza kaboni na kuihifadhi katika shina na mizizi. Wapimaji huja na utepe, wakazungushia shina usawa wa kifua, wakapiga hesabu. Kila tani moja ya hewa ya ukaa ni hati moja ya kuuza. Sasa jiulize, mche wa leo una tani gani? Ndiyo maana pesa huja polepole. Kule Uganda, mradi wa ECOTRUST ulioanza 2003 huwalipa wakulima wadogo kwa awamu, tena baada ya kukagua kama miti ingali hai. Anayewaahidi nyumba ya matofali mwakani, mwambieni asante na mumsindikize hadi njiani.

Kilichonifurahisha mimi ni Humbo, Ethiopia. Vilima vyao vilikuwa vimebaki vipara kwa kuni, makaa na mifugo. Kuanzia 2006 wanakijiji walifunga hekta 2,728, na badala ya kutegemea miche tu, wakatunza machipukizi ya visiki vya zamani: wakachagua yenye nguvu, wakapogoa mengine. Mizizi ilikuwa hai ardhini miaka yote hiyo! Mifugo ilizuiwa, ila watu waliruhusiwa kuingia na mundu kukata majani ya kuilisha. Wakaunda vyama vya ushirika saba, na kaboni yao ikanunuliwa kupitia Benki ya Dunia.

Hilo la mundu ndilo nataka mlizungumze nyumbani. Kwetu Bashi ng'ombe ni maziwa, ni mbolea ya migomba, ni mahari ya kaka yako mdogo. Pandeni matete ya kuwakatia ng'ombe kwenye kingo za mashamba msimu mmoja kabla ya kufunga malisho, na anzeni na kipande kimoja. La sivyo mifugo itahamia kwa jirani, na ugomvi nao utahamia huko. Mikaratusi msiipande humo. Inakua haraka, lakini si msitu wa asili.

Halafu ardhi. Hapa Kongo, kwa sheria ya 1973, ardhi ni ya Serikali, na wengi wetu tunaishi kwa kalinzi, ile ada tuliyomtolea mwami, chifu wetu. Malisho ya baba yameandikwa kwa jina la nani? Mama yako yumo? Wewe umo? Usione haya kuuliza, maana ardhi ikishatoka mikononi kuirudisha ni kazi. Hapo juu yenu, Batwa, wenyeji wa msitu, waliondolewa Kahuzi-Biega miaka ya 1970 kwa ajili ya hifadhi, na hadi leo wanadai msitu wao. Mimi hilo linaniuma kila nipitapo mji mdogo wa Miti.

Mkataba wa namna hii hufunga ardhi miaka mingi, pengine hadi wajukuu. Ukija kwa Kifaransa, mwombeni aliyeuleta ausome wote kwa Mashi, lugha yetu, mama akiwa amekaa hapo: miaka mingapi, nani anapokea pesa, nani anabeba hasara moto ukipita. Kisha niandikie alivyojibu.