Ngege wa Kweli Yuko Wapi?

Mwaka huu Chama cha Kiswahili kimeniomba makala ya somo, nami nimechagua Biolojia, ila nitaieleza kwa kutumia samaki mmoja tu. Jina lake mnalijua. Kila jioni akina mama pale stendi humkaanga huku wakiita, "Ngege! Ngege moto!" Basi ninyi mnaonunua, nawaambia leo kwamba huyo si ngege. Ni nyamami, mgeni aliyerithi jina la mwenyeji.

Msiniamini bure, tazameni mkia. Nyamami ana mistari ya wima iliyopangika kwenye pezi la mkia, kama mistari ya daftari lililosimamishwa. Ngege hana mistari hiyo. Nimepita sokoni karai baada ya karai, na kila mkia niliouchungulia ulikuwa na mistari. Nyanya yangu, aliyekula ngege wa ziwani akiwa msichana, huwacheka wanaochanganya majina. "Huyo ni samaki, mjukuu wangu, sikatai," huniambia, "lakini si ngege."

Ngege wa kweli huitwa kisayansi Oreochromis esculentus. Neno hilo la pili ni la Kilatini, maana yake "wa kuliwa". Aliyempa jina hilo mwaka 1928 ni Mwingereza Michael Graham, aliyekuja kuchunguza uvuvi wa Ziwa Victoria kwa sababu samaki huyo huyo alikuwa amekwisha kuanza kupungua. Kwao ni Ziwa Victoria, Ziwa Kyoga na vijiziwa vya jirani. Hakuumbwa mahali pengine popote duniani.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe. Ngege hula mimea midogo sana inayoelea majini, isiyoonekana kwa macho matupu, hasa ile iitwayo dayatomu. Ataishikaje na hana kikapu? Mwaka 1953 mtaalamu P. H. Greenwood alieleza kwamba mdomoni mwa ngege hutoka ute. Maji yanapopita kuelekea kwenye matamvua, vijimea hunaswa katika ule ute, kisha samaki humeza vyote pamoja. Utumbo wake nao ni mrefu kupita mwili wake mara nyingi, kama wa mnyama yeyote anayekula majani. Mimi naona huo ni ufundi wa ajabu. Lakini ni ufundi wa chakula cha aina moja. Mbolea ya mashambani na uchafu wa miji ulipozidi ziwani, mwani wa kijani-buluu ulitapakaa na dayatomu alizozizoea zikapungua. Nyamami hakujali, maana yeye hula karibu kila kitu.

Uzazi wake ni wa kustaajabisha zaidi. Dume huchimba kiota kama sahani kwenye maji ya kina kifupi, akakilinda. Jike huja akataga, kisha huyaokota mayai yote kwa mdomo wake na kuyaatamia humo humo. Hata baada ya kuanguliwa, vifaranga wakitishwa hurudi mbio kinywani mwa mama. Kwa vile kinywa si gunia, mayai ni mamia kadhaa hadi elfu moja na ziada. Linganisha na mbuta, ambaye hutaga kwa mamilioni! Basi mvuvi anayekokota wavu pwani ya ziwa huvuruga viota, na akimnasa jike mmoja amechukua familia nzima.

Watu wengi, hata walimu (samahani walimu), husema mbuta ndiye aliyemmaliza ngege. Ni kweli nusu. Mbuta aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na alizagaa hasa miaka ya 1980. Ngege alikuwa ameanza kutaabika zamani. Nyavu za kutegesha ziliingia upande wetu mwaka 1905, miaka michache baada ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, na samaki wakapata njia ya kusafiri hadi masoko ya mbali. Katika ripoti yake ya 1929 Graham alishauri matundu ya nyavu yasipungue inchi 5. Sheria ikatungwa, ikavunjwa na wengi, hatimaye ikafutwa. Miaka hiyo hiyo ya 1950 ndipo nyamami pia alipopandikizwa ziwani, akayachukua mazalio na malisho ya mwenyeji. Mbuta alipofika alimkuta ngege amekwisha kuwa hoi. Mwaka 2006 shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, lilimweka katika kundi la viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Basi yuko wapi? Uganda yupo katika vijiziwa vichache, na Tanzania yupo pia katika maziwa ya Singida na bwawa la Nyumba ya Mungu, alikopandikizwa. Hapa Kenya, kimbilio lake kubwa ni Ziwa Kanyaboli katika kinamasi cha Yala, huku huku kwetu Siaya. Ni ziwa dogo, kama kilomita 10 za mraba. Kilichomwokoa humo ni mafunjo! Chini ya mafunjo maji yana oksijeni kidogo mno, na mbuta hawezi kuishi bila oksijeni nyingi. Ngege na fulu huvumilia. Kwa hiyo yale majani tunayoyakata kusukia mikeka, na ambayo wengine huyaona kuwa kichaka cha kufyekwa walime, ndiyo ukuta wa nyumba ya ngege. Mwaka 2010 serikali ilitangaza Kanyaboli kuwa hifadhi ya taifa.

Lakini ukuta huo haumzuii nyamami sana, kwani huyo ni ndugu yake ngege na wanaweza kuzaa pamoja. Chotara wakizidi, ngege atakwisha bila hata mmoja kuliwa. Wanasayansi waliochapisha utafiti wao mwaka 2011 walikwisha kuona katika jeni za samaki wa Yala dalili za kuchanganyika huko.

Hapo ndipo penye sababu ya mimi kushika kalamu. Chama cha Kilimo cha shule yetu kinapanga kuchimba kidimbwi cha samaki bondeni, nyuma ya uwanja, karibu na mfereji unaoelekea kinamasini. Vifaranga wanaotajwa ni wa nyamami. Sishangai, maana tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009, uliochimba mabwawa 200 katika kila eneo bunge lililochaguliwa, ukisema kidimbwi watu husikia nyamami. Rafiki yangu mmoja aliniuliza, "Wewe, kwani mafuriko huja kila siku?" Hayaji kila siku. Yakija mara moja yatosha, na samaki akishaingia mferejini hakuna wa kumwita arudi.

Mimi sipingi kidimbwi. Sisi wa kutwa tunaoshinda na chai na mandazi tungefurahia sana samaki wa mchana. Nashauri tufuge mumi. Ni mwenyeji wa maji haya, huvumilia maji mabaya, hukua upesi, na hawezi kuzaa na ngege hata kidogo. Kama ni lazima awe nyamami, basi kidimbwi kichimbwe kule juu karibu na jikoni, mahali ambapo mafuriko hayafiki. Mkutano wa chama ni Ijumaa saa kumi. Nitakuja na mikia miwili niliyoichora kwa rangi, wa ngege na wa nyamami, ili kila mtu aone tofauti kabla ya kupiga kura.