Darsa la 5: Anayeng'aa na Aliye Mbali (Ramadhani 5, 1446)



Leo ukitoka tarawehe, tazama magharibi. Ile inayong'aa sana karibu na mwezi ni Mshtarii. Ni sayari, haina nuru yake. Inarudisha tu ya jua. Jirani yake, ile nyekundu-nyekundu, ni nyota ya Dabarani, na chini kidogo kuna Kilimia.

Dabarani inaonekana hafifu, kumbe ni jua, tena upana wake ni zaidi ya mara 40 ya jua letu. Nuru ya Mshtarii hutufikia kwa dakika kama 40. Ya Dabarani husafiri miaka 65 hivi. Imefifia kwa umbali tu.

Jana nilimtaja kwenye kipaza sauti aliyetoa mchele na tende za futari. Allah amlipe. Lakini mama anayesugua masufuria yetu kila usiku sikumtaja. Hata jina lake silijui. Nimeona haya. Sisi tunapima watu kwa mng'ao unaotufikia. Kwa Allah hakuna aliye mbali.

Kazi ya leo: mtafute mmoja asiyeonekana, umuulize jina, umuombee dua kabla ya daku. Mimi naanza na yule mama.