Mafunzo Niliyopata Baada ya Kuacha Mashindano

1. Ushindi wangu ulikatiwa upepo na wengine. Ukiendesha baiskeli nyuma ya mwenzio, gurudumu kwa gurudumu, unaokoa karibu theluthi ya nguvu zako. Miaka yote ya ubingwa nilijua hesabu hiyo, ila sikujiuliza nani anailipa. Niliiona nilipokuwa kocha, nikiwafuata vijana kwa pikipiki wakipanda kutoka Mai Mahiu. Tulipolipita lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, mmoja wao, mwenye miaka 17, alishika mbele na hakuiacha nafasi hiyo kwa kilomita 8. Karibu na kilele wenzake wakachomoka, wakamwacha. Alifika juu chumvi imemkauka mashavuni. Nilimmenyea ndizi. Maneno yalinikwama.

2. Kungoja nako ni kazi. Chris Froome alizaliwa Nairobi, na mbio za baiskeli alifunzwa mjini Kikuyu na David Kinjah. Katika Tour de France ya 2012, wakipanda La Toussuire, alianza kumwacha kiongozi wa timu yake, Bradley Wiggins. Akaamriwa kwa redio amngoje, akangoja. Wiggins akashinda mbio zile, Froome akawa wa pili. Mwaka uliofuata jezi ya njano ikawa yake, na alishinda Tour mara nne kwa jumla. Kila ninaposimulia haya hutokea kijana akasema yeye asingengoja. Namwelewa. Katika umri wake, hata mimi nisingengoja.

3. Kula kabla ya njaa, kunywa kabla ya kiu. Miguu ikishakataa, hata uji wa birika zima haukurudishi kwenye kundi.

4. Tazama viwiko. Anayeogopa mteremko huvikaza, na kila shimo la barabara humpanda hadi mabegani. Mimi nilivunjika mtulinga ndipo nikajua. Kwa hiyo siku ya kwanza ya mwanafunzi hatugusi mlima. Tunashuka polepole, viwiko vimelegea, mpaka aweze kuzungumza nami huku akishuka.

5. Andika majina yote. Daftari langu lina safu mbili: aliyeshinda, na aliyemkatia upepo. Jumapili iliyopita yule kijana wa Mai Mahiu aliomba kuliona. Alianzia safu ya pili, akalifuata jina lake kwa kidole, ukurasa hadi ukurasa. Mara 11.