Maji ya Mtungi na Mbu wa Mchana

Neno chikungunya, linalotajwa leo hadi India na Brazili, limetoka kwetu. Ni la Kimakonde, nalo humweleza mtu aliyekunjwa na maumivu ya viungo. Ugonjwa huo ulitambuliwa mara ya kwanza Newala, katika mlipuko wa 1952 na 1953. Watafiti Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliuandikia mwaka 1955.

Anayepanda kutoka Masasi kwenda Newala huona sababu: juu ya uwanda ule hakuna mito. Kwa vizazi, kina mama walishuka mabondeni kuteka maji na kuyahifadhi mitungini. Humo ndimo Aedes aegypti, mbu anayeuma mchana, hutaga mayai. Chandarua cha usiku peke yake hakimzuii.

Basi tusimwambie mama amwage maji aliyoyafuata bondeni. Tumsaidie kufunika mtungi kwa kitambaa kilichokazwa kwa kamba, maana kifuniko kilicholegea ni mlango. Mtungi ukiisha maji, tuusugue kuta za ndani: mayai hunata pale na huweza kukaa makavu kwa miezi, kisha yakaanguliwa maji yakirudi.

Wapo wanaotaka vichaka vyote vipuliziwe dawa. Hatukubaliani nao. Mbu huyu hupenda kujificha ndani ya nyumba. Vichakani dawa itaua zaidi wadudu ambao ndege huwalishia makinda. Jumuiya ndogo ndogo zianzie kwenye mitungi, matairi na vifuu vya nazi, kila wiki, kwa kuwa yai huwa mbu ndani ya siku kumi hivi.