Nyumba ya Miti na Makuti

Msafiri apitaye njia ya kutoka Kilifi kwenda Malindi huona nyumba za udongo zenye mapaa marefu ya makuti, naye huenda akadhani kwamba udongo ndio uzisimamishao. Sivyo. Miti ndiyo ibebayo nyumba. Udongo ni nguo yake tu.

Zamani Wagiriama walijenga nyumba zilizoezekwa nyasi toka kileleni hadi chini, zisizoonyesha ukuta. Nyumba ya pembe nne, kama ile ya majirani zao Waswahili, ilienea baadaye.

Fundi huanza na nguzo, akazichimbia chini. Juu ya panda zake hulazwa mtambaapanya, na juu ya huo hupandishwa makombamoyo mpaka kwenye mwamba. Ndipo fito zifungwapo, ndani na nje ya nguzo, na katikati hushindiliwa mawe na udongo. Misumari haikuwa lazima. Kamba za makumbi zilitosha.

Miti bora ni ya mikokoni, kama ile ya hori la Mida karibu na Watamu, hasa mkoko na mkandaa, kwa kuwa mchwa hauipendi. Hata wajenzi wa mawe waliitegemea: vyumba vya magofu ya Gedi ni vyembamba kwa sababu boriti haikuweza kuvuka upana mkubwa.

Lakini uhai wa nyumba uko juu. Makuti hukunjwa katika kijiti, yakashonwa, kisha hufungwa safu juu ya safu kuanzia upenuni. Mwenye kubana fedha huziachanisha safu, naye hulipa baadaye: paa likivuja udongo humomonyoka, na miguu ya nguzo huoza. Tena makuti hushika moto upesi. Haishangazi basi kwamba wengi wamehamia mabati, ingawa chumba cha mabati saa nane mchana ni tanuri, na cha makuti hukalika.

Miti nayo imekuwa adimu. Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku kuuza boriti nchi za nje, na leo kukata mikoko kwahitaji kibali. Kwa hiyo wajenzi wengi hutumia mvinje, upandwao mashambani Kilifi. Hukua haraka, lakini ukichimbiwa huoza mapema kuliko mkandaa; ndiyo maana mafundi huipaka miguu ya nguzo oili chafu kwanza, kabla ya kuifukia.